Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Saba

Nilirudi Jomvu Kuu uhuru ukiwa unabisha hodi, nikiwa na diploma ya kilimo kutoka ng'ambo, na sioni kwa nini nilitaje jambo hilo kwa sauti ya chini. Hakuna aliyenibeba. Nilifua mashuka ya hospitali na kusoma, katika baridi inayopasua midomo, huku wenzangu waliozaliwa madukani wakibaki nyuma ya mizani ya baba zao. Mimi ni mtoto wa muuza mbaazi.

Nilirudi na kinyongo pia. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa mwalimu wangu mkuu wa zamani, mtu wa nyumba kubwa, kumwomba barua ya sifa. Alinisikiliza mbele ya wageni wake, kisha akasema, "Mwanangu, bahari haivukwi kwa harufu ya mbaazi." Wageni wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Barua niliipata kwa mtu mwengine, lakini kicheko kile nilisafiri nacho, nikakitunza kama mtu atunzavyo kisu.

Sasa wakulima wa minazi walikuwa wakiunda chama na kutafuta katibu. Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu, alikitaka kiti hicho kwa roho yake yote. Nami nikakitaka palepale. Kazi za mjini zilikuwapo, tena zenye meza na feni. Nilikitaka hiki kwa sababu kilikuwa chake.

Wakati ule chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, alikuwa akiimaliza miti yetu. Wazee wakaamua kwamba atakayeleta dawa yenye ushahidi ndiye katibu. Tukakutana baada ya alasiri kwenye baraza ya madrasa.

"Shikamoo, Maalim," nikamwambia.

"Marahaba. Naona Ulaya wamekufunza kuvaa soksi."

Watu wakacheka. Akafungua gazeti la Kiingereza lenye karatasi za kung'aa na picha ya Mzungu aliyesimama chini ya mnazi. Akatafsiri vizuri, sauti ya khatibu: mafuta fulani ya chupa yamiminwe kileleni, na chonga hatarudi tena. Gazeti likapita mkono kwa mkono. Wazee waliipapasa ile picha, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

Mimi nilileta jarida la kijivu, halina picha hata moja, limejaa majedwali. Mwalimu akalinyakua, akalifungua, akaliinua juu.

"Tazameni, jamaa! Laanza ukurasa wa mia mbili na kumi na saba! Mwanzo wake uko wapi? Wallahi, huu ni mkia wa kitabu. Pale chumba cha kusomea cha skuli yangu nilikuwa nikiwapa wauza njugu vipande kama hivi wafungie njugu zao."

Baraza zima likaangua kicheko. Niliwaacha wacheke washibe, maana mtu aliyejichimbia shimo hanyang'anywi jembe.

"Maalim," nikasema, "jarida la wataalamu huhesabu kurasa mwaka mzima. Toleo hili limeanzia pale lililotangulia lilipoishia. Halikukatika. Ulichowapa wauza njugu ndicho kilichokuwa elimu."

Kicheko kikakatika. Nikawaonyesha wazee: jina la mwandishi hili hapa, na kituo anachofanyia kazi. Hapa anaeleza alivyofanya: mashamba yaliyoondolewa magogo yaliyooza, na mashamba yaliyoachwa vilevile, misimu kadhaa, kisha akalinganisha, maana chonga huzaliana ndani ya magogo. Na hapa mwishoni ametaja kila mtu ambaye yeye amechota elimu kwake, ili atakaye akahakikishe. Kabla ya kuchapwa, wataalamu wengine waliisoma kazi hii wakitafuta kosa.

"Sasa tulitazame la Maalim. Nani kaandika?"

Akapekua. "Hapana jina."

"Mafuta yalijaribiwa wapi?"

Akageuza kurasa tena, akarudi palepale kwenye picha.

"Basi tutafsirie ukurasa unaofuata, yale maandishi makubwa yaliyo chini."

Akayatazama, akafunga gazeti. Mzee mmoja mgema, mtu wa mizaha, akamsukuma kwa kiwiko. "Soma, yakhe! Au Kiingereza kimekwisha?"

Akasoma, kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba. Lilikuwa tangazo la biashara. Mafuta ni yaleyale, chupa ni ileile.

"Lahaula!" mgema akasema. "Kumbe gazeti lenyewe ndilo duka!"

Sitasema nilimhurumia. Jasho lilimtoka kwenye kofia yake ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, nikalitazama tone kwa tone, na lilikuwa tamu kuliko siku niliyopewa diploma.

Wakanichagua mimi, bila hata mtu mmoja kupinga. Mwalimu akaomba japo apewe kazi ndogo chamani, na wazee wakamsikitikia. Nikampa. Nikamtuma shamba kwa shamba, Jomvu yote, akawaeleze watu wachome magogo yaliyooza na wamchokoe chonga kwa waya. Sharti langu lilikuwa moja, nalo ni desturi ya wasomi popote duniani: kila afikapo, kabla ya kusema lolote, ataje habari ameipata kwa nani.

Mara nyingine nilimfuata, nikasimama nje ya ua, nikasikiliza akinitaja. Akinong'ona, nilikohoa, naye akaanza upya.