Pikipiki Iliyovishwa Magunia

Juzi alikuja mfanyabiashara wa Bariadi mjini, yule mwenye duka la vipuri karibu na soko, akaja na pikapu yake kuchukua pikipiki ya baba. Mwanangu mkubwa alikwisha kubaliana naye kwa simu. Mimi niliambiwa tu niwepo nyumbani. Sikukataa. Nimechoka kukataa. Kila masika paa la kibanda kile linavuja, na kila masika watoto wananiuliza, "Mama, hicho chuma unamtunzia nani?" Jibu ninalo, ila ni refu, na watoto wa siku hizi ukianza kusema wanashika simu. Acha nikupe wewe, wewe umelelewa enzi zile na utanivumilia.

Baba alikuwa fundi kwenye jineri, kiwanda cha kutenga pamba na mbegu. Hospitali ya misheni ilikuwa na daktari Mjerumani, mtu mrefu asiyecheka ovyo, na jenereta ya hospitali ilipozima ni baba aliyeitwa. Mkataba wa daktari ulipokwisha akarudi kwao, pikipiki yake akamwachia baba. Haikuwa pikipiki ya kubebea magunia. Kwao ilitengenezwa kwa ajili ya mbio, vijana wakashindana nayo kwenye lami. Huku kwetu ikakuta vumbi la Sapiwi na ng'ombe wasiojua kupisha.

Ilikuwa nyeusi, ina mistari myembamba myeupe kwenye tangi, na kidude cha mviringo chenye rangi ya buluu na nyeupe. Baba alitusimulia kwamba wenye kiwanda kile walianza na injini za ndege. Wakashindwa vita, wakakatazwa kuunda za ndege, ndipo wakageukia pikipiki. Kwa hiyo baba alishikilia kwamba ile buluu na nyeupe ni pangaboi la ndege likizunguka angani. Daktari alimwambia si kweli, ni rangi za mkoa wao tu. Baba hakumwamini. Alisema mtu hawezi kusahau alivyoruka.

Silinda zake zilikuwa mbili, nazo hazikusimama kama za pikipiki nyingine. Zililala, moja kushoto na moja kulia, zimetokeza nje kama mtu aliyenyoosha mikono kupima upana wa mlango. Jirani yetu, mtani wa baba, hakuacha kumsumbua.

"We bwana, ng'ombe wako kiwele kimehamia mbavuni!"

"Ndiyo maana hupati maziwa," baba akajibu. "Umezoea kukamua chini."

Lakini sisi watoto alitueleza vizuri. Alipiga makofi polepole mbele ya macho yetu. "Mnaona mikono? Inaachana pamoja, inakutana pamoja. Pistoni za humu ndivyo zinavyokwenda. Huu ukisukuma kulia, mwenzake anasukuma kushoto, basi chombo hakitetemeki." Na kweli, ungeweza kuweka kikombe cha uji kwenye tangi kikatulia. Ila ukivuta mafuta ikiwa imesimama, pikipiki nzima iliegemea upande mmoja kidogo, kama mtu anayetikisa bega. Tulimwomba baba airudie hiyo mpaka anakasirika. Na mnyororo haikuwa nao. Ndani ya bomba la nyuma kulikuwa na chuma kinachozunguka kwenye mafuta, kinapeleka nguvu hadi kwenye gurudumu. Hata kiki yake ilipigwa kwenda pembeni, unasimama ubavuni na kuisukuma kwa mguu, utadhani ng'ombe anayempiga mkamuaji teke.

Kazi yangu ilikuwa mapezi. Kila silinda ilikuwa na mapezi mengi membamba ya chuma, kama ya samaki, na vumbi likichanganyika na oili liliganda humo. Nilitoka kuchambua pamba, nyeupe huku na fifi, ile chafu, kule, vidole vinauma, halafu nachukua kijiti cha mpamba uliokauka na kukwangua pezi kwa pezi, matobolwa yangu, viazi vilivyokaushwa, shavuni nikiyalainisha polepole. Ukiacha uchafu baba alijua. "Chuma nacho kinapumua," alikuwa akisema. "Silinda zimetokezwa nje ili upepo uzipoze. Ukiziziba umemziba pua."

Sasa, bibi. Bibi mzaa baba aliishi nasi, mwanamke wa ng'ombe, hakuwahi kukaa mjini hata siku moja. Ndama akizaliwa miezi ya baridi alimfunika gunia mgongoni. Mwaka ule wa kwanza wa pikipiki, baridi ya mwezi wa sita ikaja na upepo wake, bibi akatoka nje asubuhi, akagusa zile silinda, akasonya. Siku nzima alikaa kivulini na sindano. Alishona magunia mawili kama mifuko, akatia pamba fifi ndani, akayafunga kwa kamba, moja kushoto na moja kulia. Akamwita baba.

"Ng'wanawane, mwanangu, mnyama wako mbavu zake ziko nje na baridi hii. Nimemvika."

Baba aliyaangalia magunia, akamwangalia mama yake. Mimi nilisubiri aseme habari ya kupumua. Akasema, "Asante, mayu. Sasa atalala vizuri."

Kwetu mtoto havui alichovikwa na mama yake mbele ya macho ya mama yake. Hata awe na mvi. Basi baba akapata njia. Asubuhi aliwasha, akaagana, akaondoka taratibu na magunia yake. Akifika kwenye kona yenye minyaa, ambako bibi haoni tena, alisimama, akayavua, akayakunja, akayawekea jiwe juu. Jioni akirudi alisimama palepale akayavika. Bibi akimpokea aligusa magunia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama yangu aliyaona yote hayo akacheka peke yake jikoni. Kijiji kizima kilijua isipokuwa bibi.

Mwaka uliofuata, miezi ileile ya pamba, mama alikuwa na mimba kubwa. Uchungu ukamshika mchana akiwa shambani, siku ambayo baba hakwenda kazini, na ulikuwa uchungu mbaya. Mkunga wetu alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, mkimbizeni hospitali. Baba akaipiga kiki. Mama akapandishwa nyuma, bibi akamfunga kwa khanga kwenye mgongo wa baba kama anavyofungwa mtoto. Wakaondoka kwa kasi, nami niliyekimbia nyuma yao nikamwona baba akipita kona ya minyaa bila kusimama. Angesimamaje? Ili avue ilibidi amfungue mama, amshushe, ampandishe tena, na mama alikuwa analia.

Hawakufika. Katikati ya njia silinda ya kushoto ilianza kutoa moshi, pamba ikaungua, pistoni ikang'ang'ania humohumo na gurudumu likagoma. Walikaa kando ya barabara mpaka lilipopita gari la ng'ombe lililobeba pamba, wakamlaza mama juu ya marobota. Mama alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume.

Baba alinichukua kwenda kuikokota nyumbani kwa maksai wawili, mimi nikiwaongoza. Nilipoona gunia limekuwa jeusi, na pamba imegandia ndani ya mapezi niliyoyakwangua kwa mikono yangu, nilielewa bila kuambiwa. Nilifungua mdomo. Baba akanishika bega.

"Mama yangu alimvika. Mimi ndiye sikumvua. Ukimweleza bibi yako vingine, utakuwa umemzika akiwa mzima."

Akayang'oa magunia yote mawili akayatupa kichakani, na nyumbani akamwambia bibi kwamba mashine imechoka, na magunia yalidondoka njiani. Mama alisikia, maana alikuwa amelala chumba cha pili. Hakusema neno, siku ile wala siku yoyote. Bibi alihuzunika sana, akasema mashine ilipata baridi kwa kukosa magunia yake. Akashona mengine. "Haya nimeyashona mara mbili," alimwambia baba, "hayatadondoka." Na baba akasema asante, mayu.

Kipuri hakikupatikana, pikipiki haikuwaka tena. Lakini kila mwezi wa sita bibi aliivika, kibandani, mpaka alipokufa. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuyatoa. Baba amekwenda, mama amekwenda. Jineri lile limefungwa, popo wanalala humo. Ng'ombe wamebaki wachache. Vijana wanapita hapa na pikipiki zao za mnyororo, zinapiga kelele kama debe la kokoto, na wala hawasimami kusalimia. Mwangaluka yenyewe, salamu yetu ya asubuhi, inakufa.

Basi yule mfanyabiashara, kijana mwenye adabu, kanzu yake safi, aliizunguka pikipiki kama anayetazama bibi harusi. "Mama, shikamoo, hii ndiyo ile ya mbio! Hii nitaifufua." Akanyoosha mkono kwenye kamba. "Haya matambara tuyatupe?"

"Usiyaguse," nikasema. "Mpakie hivyohivyo. Ukipita ile kona ya minyaa, simama, ndipo uyavue. Hapa nyumbani hayavuliwi."

"Lakini mama, injini yenyewe imekufa. Itaumia nini?"

"Nimesema itaumia?"

Yeye na vijana aliokuja nao wakaipakia. Nilikaa kwenye kigoda nikasikiliza gari likienda. Kwenye kona likatulia kidogo, mlango ukafunguliwa, ukafungwa, likaendelea.

Jioni miguu iliponiruhusu nilitembea hadi pale. Magunia yalikuwa chini ya minyaa, ameyakunja vizuri, na juu yake ameweka jiwe ili upepo usiyachukue. Hakuna aliyemwelekeza afanye hivyo.

Niliyaacha palepale. Baba alikuwa akirudi jioni kuyachukua. Sasa hakuna anayerudi.