Tovuti Itakayoenea Kwenye Simu ya Mama

Saa mbili asubuhi. Milango ya maktaba bado imefungwa, lakini ghorofani, kwenye chumba kinachonuka gundi ya kujalidia vitabu, mtunza tovuti ameshika simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Anakuza herufi mpaka mwisho, anatafuta kitabu, anasonya. Kisanduku cha kutafutia kimejificha tena chini ya menyu.

Wenzake humwita Bi Kioo, maana mbele ya kompyuta habanduki hata kwa chai. Amepewa kazi ya kuchagua kiunzi cha tovuti mpya: vipande vilivyoandikwa tayari, vya menyu, vitufe na safu, vinavyojipanga upya kulingana na upana wa kioo cha msomaji.

Viunzi viko tele. Anayemkosesha raha ni mama yake.

Mama ndiye aliyemleta hapa utotoni. Walisoma kitabu kimoja kwa zamu, wakabishana njia nzima wakirudi nyumbani. Siku hizi miguu imemgomea, anaishi mbali kwa dada mkubwa, na vitabu vya maktaba hana budi kuvifuata kwenye simu. Tovuti ya sasa ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, hivyo kwake maneno yanamwagikia nje ya kioo.

"Nikifika mwisho wa mstari, mwanangu, mwanzo wake umeshanipotea," alimwambia, kisha akaacha kusoma. Kitabu chao cha mwisho, cha mjane aliyeuza nyumba ya mumewe, kikaishia katikati. Sasa wakipigiana simu ni salamu na habari za dawa.

"Namtamani mama yangu yule mbishi," anasema Bi Kioo.

Kiunzi cha kwanza alikipenda kwelikweli. Alilibana dirisha la kompyuta yake likawa jembamba kama kioo cha simu, kila kitu kikakaa sawasawa, akajipongeza. Alipokwenda kumtembelea mama akaufungua ukurasa ule wa majaribio kwenye simu yake, ambayo herufi zake zimekuzwa kwa ajili ya macho, pa kutafutia kitabu hapakuonekana. Mama akasema ni nzuri, akairudisha simu chini ya mto.

"Alinionea huruma," anasema Bi Kioo. "Hilo ndilo lililoniuma."

Akamwomba dada simu yake ya zamani, na tangu hapo hajaribu kitu bila hiyo. Mkuu wa maktaba alitaka kiunzi chenye picha zinazopishana, tovuti isionekane ya kizamani. Walivutana weee, mwisho wakakubaliana kuchukua chepesi, na picha zibaki kwa wenye vioo vikubwa.

Kwenye kompyuta Bi Kioo anahamisha mstari mmoja wa maagizo ya tovuti, anafungua ukurasa upya kwenye simu. Kisanduku kinatokea juu, kizima. Anaandika jina la kitabu cha mjane, nacho kinakuja.

Tovuti itafunguliwa mwezi ujao. Mama atatumiwa anwani tu, bila maelezo.

"Nitakaa na simu mkononi," anasema. "Mimi nashikilia kwamba yule mjane alikosea kuuza nyumba. Nangoja mama anipigie, anibishie."