Dawa ya Watoto Kichwani Mwangu

Mimi nina mdomo. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanionea huruma nisiyostahili. Kwetu Akheri, kijijini Meru, walikuwa wanasema nilizaliwa nikijibu, na mama yangu, ambaye naye hakuwa bubu, alizoea kunikumbusha kwamba ulimi hauna mfupa. Nilimsikia vizuri sana. Kumsikia mtu na kumfuata ni mambo mawili.

Nywele zangu ni za kipilipili, ngumu, zile zinazovunja meno ya chanuo. Shuleni tulinyolewa sote, wasichana kwa wavulana, kwa hiyo kusukwa hasa nilikujua nilipomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani mwaka mzima nikisubiri kazi. Kila Jumamosi alasiri mama alikaa kwenye kigoda barazani, mimi chini kati ya magoti yake, akanipaka mafuta ya mgando, akanigawa mistari kwa kidole, akasuka. Nikijitikisa ananipiga begani kwa kitana. "Tulia, umekuwa nyoka?" Hakuwahi kuzilalamikia nywele zangu hata siku moja. Alisema ni za mama yake.

Hiyo ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na Arusha kila kona ilikuwa na kampuni mpya ya kupeleka wageni porini. Nikapata kazi ya mapokezi katika mojawapo. Asubuhi ya siku ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni na blauzi nyeupe, nimejipulizia manukato ya kuazima, mama akatoka zizini kukamua. Akaona mistari ya mbele imelegea, akaja na kitana. "Hebu kaa nikurudishie hapa mbele."

Nikarudi nyuma. "Mama, toa mikono yako huko! Inanuka ng'ombe."

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwepo na ndoo ya maziwa mkononi. Akaacha mdomo wazi. Mama alitazama mikono yake mbele na nyuma, akaifuta kwenye kanga, akaingia ndani kunichukulia mkoba. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniombea, akanipa ndizi za kula njiani. Lakini kichwa changu hakukigusa tena. Jumamosi iliyofuata nilikaa barazani nikamsubiri, akapita na jembe kama hajaniona.

Kwetu mtoto hamwambii mzazi "nisamehe". Unaleta sukari. Unaleta kitenge. Nilipeleka sukari, nikapeleka vitenge, mwaka mmoja nikapeleka blanketi la rangi mbili ambalo majirani walikuja kulipapasa. Alipokea vyote kwa shukrani, na mikono yake ikabaki kwake. Nami sikuwahi kusema neno lenyewe. Ningesema kila kitu kingine duniani, hilo halikunitoka.

Nikapanga chumba Kijenge, mjini, na nikaanza kuweka dawa ya nywele. Nani hakuweka? Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa maboksi yenye picha za wanawake wanaocheka, nywele zimelala mpaka mabegani. Unapakwa ile krimu nyeupe, unakaa, inaanza kukuwasha, unauma meno, unaoshwa, unatoka na nywele laini. Miaka saba nilikwenda saluni kila baada ya wiki sita, na miaka saba nilitoka na vidonda nyuma ya masikio. Nilikuwa najisifu mtu akiniuliza natumia nini.

Pasaka ya mwaka wa saba nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa, na mama yangu hakuwa mtu wa kukaa. Miguu ilikuwa imevimba. Daktari alikuwa amemwambia moyo umepanuka, asibebe majani ya ng'ombe, asipande mlima. Nilipopiga magoti kumpa shikamoo, kitambaa changu kikateleza, akaviona vidonda.

"Hivi ni nini?"

"Dawa ya nywele, mama."

Alinitazama utosi. Halafu akasema, "Achana na hiyo dawa. Ziache ziote za kwako. Krismasi nitakusuka."

Sijui kama alijua amesema nini. Nilimwambia nakwenda chooni, nikaenda nyuma ya migomba, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Miaka saba! Nilifikiri nimeshazoea.

Kwa haraka yangu, kesho yake nikamwambia nitanyoa zote nianze upya. Alinikata jicho. "Unyoe? Una nani aliyekufa?" Alikuwa na haki. Kwetu mtu mzima hanyoi kichwa bure. Kichwa kinanyolewa siku ya kumaliza matanga, familia nzima, mmoja baada ya mwingine, na pamoja na kwamba mchungaji hapendi, hakuna anayethubutu kuacha. Kunyoa huku mzazi wako ni mgonjwa ni kumwita aondoke. Basi ikabidi ziote taratibu, mpya chini, za dawa juu, na ncha angekuja kuzikata yeye mwenyewe siku ya kusuka. "Mikono inachoka," alisema. "Nitakusuka twende kilioni tu, mistari sita." Huo ni msuko wa haraka haraka, wa kuelekea msibani, na jina lenyewe sikulipenda siku ile. Lakini ningekubali hata mstari mmoja.

Kama hujawahi kutembea na vichwa viwili, nikueleze. Chini kwenye ngozi nywele zimesimama, zimejikunja, zina nguvu zake. Juu zimelala nyembamba na zimekufa. Zinapokutana ndipo zinapokatikia. Ukichana, chanuo linatoka na manyoya. Ukilowa na mvua ya Meru, za chini zinaruka juu na za juu zinakuganda usoni. Mpaka Agosti nilivumilia kwa vibanio na mafuta. Kila nilipokwenda Akheri nilimwonyesha mama, naye kutoka kwenye kigoda chake alinyoosha shingo. "Zinakuja," alisema. Hakunigusa. Alikuwa anasubiri Krismasi, nami nilikuwa nasubiri pamoja naye kama mtoto anayesubiri viatu.

Oktoba meneja akaniita. Alikuwa mtu mzuri siku nyingine. "Dada, mgeni akiingia hapa anaanza kukuona wewe," akasema. "Wiki tatu sasa unakuja kama umetoka kugombana. Jumatatu ukija hivyo, utahamia stoo ya mahema."

Stoo ya mahema ilikuwa na panya. Lakini nisiseme uongo, si panya walioniogopesha. Niliipenda ile meza ya mapokezi. Niliipenda kuliko ilivyostahili.

Nikaenda kwa dada wa saluni pale Kijenge, Mchaga wa Machame, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Nikamweleza yote: sitaki dawa kali, sinyoi, na meneja anataka kichwa kilichotengenezwa. Akanizungusha kwenye kiti kama anakagua mbuzi mnadani. "Rasta za kuunganisha zitazing'oa hapa zinapokutana," alisema. "Kalikiti, ile dawa ya mawimbi, itakudondoshea mafuta kwenye kola, meneja atakufukuza mara mbili. Aisee, chukua dawa ya watoto. Inalainisha tu. Hainyooshi."

Sikukubali siku hiyo. Nilikwenda duka la vipodozi mjini, la familia ya Kihindi ambayo ilikuwa pale tangu enzi za babu zao, nikamuuliza mama wa duka. Akanitolea boksi lenye picha ya mtoto mwenye vishungi viwili. "Hii laini, dada. Watoto wanaweka." Nikalinunua, nikaliweka mezani chumbani, nikalitazama siku nne. Nilikuwa nafanya hesabu ya ajabu. Dawa kidogo ni dawa? Kama nywele zitabaki na mkunjo wake, ila mkunjo mpole, vidole vya mama vitajua? Nilijiambia havitajua. Nilijiambia pia kwamba hata vikijua, atasuka tu, maana ameshaahidi. Nilikata kinywele kimoja nikakipaka, kikalainika vizuri, nikaona Mungu amenijibu. Usiku nikaota mama ananiuliza habari za boksi, asubuhi nikakasirika naye kwa ndoto yangu mwenyewe. Mtu akitaka kufanya kosa hakosi wa kumlaumu.

Jumamosi nikalipeleka saluni. Karatasi ya ndani iliandikwa dakika kumi. Dakika kumi zikapita, dada akashika unywele mmoja, bado umejikunja. Hapo tukafanya akili, sisi wawili, watu wazima wenye macho. Tukasema: dakika kumi ni za mtoto. Huyu ni mtu mzima, ana miaka ishirini na saba, na nywele za kipilipili, aongezewe. Tukaongeza kumi. Akaingia mteja mwingine, tukapiga soga, tukaongeza tano. Kichwa kilikuwa kinawaka, lakini mimi nilizoea kuwaka, nikaona ndiyo inafanya kazi. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mtoto kwenye boksi ni picha tu, na kwamba krimu ni krimu.

Jumatatu nilikaa mapokezi na kichwa kinachong'aa. Meneja akanionyesha dole gumba. Alhamisi nilipochana, chanuo likaondoka na fungu zima. Niliwahi kumcheka mwanamke mmoja kanisani aliyekatika nywele hivyo. Mpaka Jumapili zilikuwa zimetoka mapande matatu, moja utosini, mawili nyuma, na zilikatikia kwenye ngozi. Shamba la mahindi lililoingiliwa na mbuzi lina sura hiyo. Nywele nilizozilea tangu Pasaka nikazifagia sakafuni kwa mikono yangu. Nikafunga kilemba, na meneja akasema kilemba kinapendeza. Angesema hivyo siku ile aliponiita!

Sasa hapa ndipo ninapojichukia. Nilikuwa na wiki tisa za kwenda Akheri kusema, mama, nimeharibu. Angenigombeza. Angesema maneno ambayo yangeniuma mpaka leo, kisha angecheka, maana alikuwa mcheshi akishamaliza kugomba. Lakini alikuwa ameniambia achana na dawa, nami nilimchagua meneja, na kila nilipofikiria kulisema hilo mdomo wangu maarufu ulikauka. Nikaacha kwenda. Nikawapa watu sukari wampelekee.

Krismasi haikwepeki. Nilifika mchana baada ya ibada nimefunga kilemba kikubwa cha kitenge. Mama alikuwa amekondeshwa na ugonjwa mikono na uso, miguu imejaa. Kigoda kilikuwa barazani. Kitana kipo, mkasi upo, kopo la mafuta limefunguliwa. Mama mdogo alikuwa jikoni na sufuria za pilau.

"Haya," mama akasema. "Njoo."

Alinyoosha mikono yote miwili kwangu, viganja juu.

Nikasema, "Kesho, mama. Leo nimechoka na safari."

Safari gani? Kijenge na Akheri, mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Nilijua ni uongo mbaya, nilijua naye anajua. Nikangoja aniulize. Angeuliza ningevua kilemba pale pale, naapa. Hakuuliza. Alitazama mikono yake, akairudisha taratibu chini ya kanga.

"Haya," akasema. "Pumzika."

Asubuhi ya kesho yake niliondoka kabla hajaamka vizuri, nikasema ofisini wananiita. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nyingine: mpaka Pasaka zitakuwa zimeota kidogo, nitamwambia kila kitu, zitashikika.

Alifariki Februari, Jumanne asubuhi, akiwa ameketi, maana kulala kulikuwa kumemshinda.

Siku ya kunyoa tulikaa kwenye mkeka uani, kaka zangu kwanza, kisha sisi wasichana. Mama mdogo ndiye aliyeshika wembe. Alipofika kwangu akafungua kitambaa, akasimama. Yalikuwa bado yanaonekana, yale mapande, ngozi inang'aa katikati ya nywele zilizobaki.

"Nani amekufanya hivi?"

"Dawa, mama mdogo. Tangu Oktoba."

"Kwa hiyo Krismasi ulikuwa hivi? Ndani ya kile kilemba?"

"Ndiyo."

Alichutama mbele yangu na wembe mkononi. Nikafikiri atanizaba kofi, na ningemshukuru.

"Mama yako aliniagiza sabuni ya kunukia sokoni Tengeru," akasema. "Siku ile alinawa asubuhi, akanawa tena aliposikia sauti yako getini. Ulipokataa alinifuata jikoni kwa kujikongoja, akanisogezea mikono puani, akaniambia hebu nusa, bado inanuka?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia haina harufu yoyote." Akachovya mkono kwenye beseni, akanilowesha kichwa. "Hakuniamini."