Upande wa Nyuma wa Mlima wa Hariri

Juzi nilikuwa Zhanxi, ile barabara ya maduka ya nguo za jumla hapa Guangzhou, nikapewa koti la kutelezea thelujini nilikague. Sijauliza hata bei, mikono ilikwisha kuligeuza ndani nje. Nikaganda pale katikati ya mikokoteni, machozi yakinilengalenga. Ndivyo alivyokuwa akifanya mama.

Mama alikuwa mfanyabiashara kutoka Unguja, nami nilikulia naye mtaa wa Xiaobei, humu humu mjini, chumba kimoja juu ya duka la simu. Asubuhi kulinukia tangawizi na sambusa, na huku chini utepe wa gundi ukilia krrr, krrr, watu wakifunga marobota. Kazi yangu mimi ilikuwa kukata nyuzi zilizobaki kwenye mishono, na kumfasiria, maana Kichina cha shule kilinikaa vizuri kuliko chake. Kila nguo aliniambia, "Geuza, tazama ndani. Nje wameshatupambia."

Nilikuwa na miaka kumi pale laoban, tajiri wa kiwanda aliyemuuzia makoti, alipotupa nafasi mbili katika ziara ya wateja wake wakati wa baridi. Siku ya kwanza ilikuwa kuteleza thelujini mlimani huko kaskazini. Ya pili, kurudi hapa Guangzhou kutazama sanaa na nyumba za kale. Jirani yetu wa Mombasa alipopata habari alimtania mama, "Wallahi dadangu, utarudi huna kiuno!"

Tulivaa makoti ya sampuli yanayofanana, lebo zikining'inia, kwa sababu yalikuwa ya kurudishwa. Mama alijitanda mtandio chini ya kofia. Wakatufunga vile vibao miguuni, naye akateremka hatua chache tu, pu! akakaa kitako, akacheka hadi akashindwa kuinuka. Sikumwona tena akicheka vile, na wa kulaumiwa ni mimi.

Kesho yake, kwenye jumba la sanaa, kulikuwa na picha iliyotariziwa kwenye hariri: mlima, theluji, na watu wawili wadogo wakipanda. Ilitundikwa wazi bila kioo. Mama akasahau kabisa kwamba hapo si sokoni. Akashika pindo kwa vidole viwili, akaligeuza.

"Njoo uone, mwanangu! Nyuma hakuna hata fundo moja!"

Mlinzi alikuja mbio akifoka. Wenzetu wote wakageuka, na mama akawa anarudia "Duibuqi, duibuqi," akiomba radhi huku mikono ameiinua. Mlinzi akaliona koti langu, lebo na yote, akaniuliza kama huyu ni mama yangu.

Niliona haya. Nikamjibu kwa Kichina kwamba simjui.

Nilijidanganya kuwa mama hakuelewa. Lakini miaka yote ile ya kupatana bei ilikuwa imemfunza kila namna ya kukataliwa kwa Kichina. Hakunigombeza. Ndani ya basi alinimenyea chungwa, akanipa lote, yeye akatazama dirishani.

Mwaka ule ule nilipelekwa Unguja kwa bibi nikasome, na mama akafia huku Guangzhou kabla hatujaonana tena. Kwenye simu tulikuwa tukizungumza habari za madaftari na sare. Nilikuwa na nafasi tele za kumwomba radhi, na kila mara nilisema nitamwambia akija.

Basi juzi nililiacha lile koti, nikaenda Xiaobei. Duka la simu limekuwa kinyozi, na chumba chetu ni stoo. Jirani wa Mombasa alikwisha rudi kwao. Nikaenda kwenye jumba la sanaa. Picha ipo palepale, ila sasa imewekewa kioo, na sakafuni pamechorwa mstari. Mlinzi ni binti kijana. Nilipokaribia mno alinisogelea kwa adabu.

"Mama yangu aliwahi kuishika hii," nikamwambia kwa Kichina. "Yule alikuwa mama yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akanionyesha mstari. Nikarudi nyuma. Pale nyuma ya ile hariri, aliponiita nikaone, sijapaona mpaka leo.