Sahihi ya Mume

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kukagua mafaili ya wanawake walioomba mimba zao zitolewe. Nilikuwa karani katika hospitali moja ya serikali hapa Maskati, na kamati ya madaktari watatu ilikutana kila Jumanne asubuhi. Kwa raia matibabu ni bure, lakini ombi la namna ile lilikuwa na masharti yake: ripoti za madaktari, picha za kipimo, sahihi ya mwanamke, sahihi ya mume mbele ya karani, na mimba iwe haijafika siku mia na ishirini, kwa sababu baada ya hapo roho imeshapulizwa. Mimi ndiye niliyehakikisha kila karatasi ipo. Faili lenye upungufu nililirudisha, na nyumbani Darsait nilikuwa nikijisifu mbele ya dada zangu kwamba tangu niingie ofisi ile kamati haijapelekewa faili bovu hata moja.

Mwenyekiti wa kamati, daktari mtu mzima mwenye sauti ya upole, alikuwa akisema kwamba serikali inayogharimia ina haki ya kuuliza, na kwamba jambo zito kama hili halifai kufanywa kwa pupa. Nilikubaliana naye. Nusu yangu bado inakubaliana naye.

Yule mwanamke alikuja Jumapili. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na abaya yake ilikuwa na vumbi chini, kama aliyetembea sana. Nilikuwa nikizungumza Kiswahili kwenye simu na dada yangu alipoingia, na nilipoiweka chini akaniita mama mdogo kwa Kiarabu, akaniuliza, "Khalti, kumbe wewe Mswahili?"

Nikamwambia marehemu mama yangu alizaliwa Unguja. Akasema bibi yake pia. Uso ukamlegea, akakiacha Kiarabu alichokuwa amekiandaa.

"Mtoto hana fuvu," alisema. "Daktari kanionesha kwenye picha. Kichwa kimeishia hapa." Akaweka kidole juu ya nyusi zake.

Nilifungua faili. Ripoti zilikuwepo, picha zilikuwepo, sahihi yake ilikuwepo. Madaktari walihesabu kwamba mimba ina siku mia na kumi.

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko jangwani, kwenye visima vya mafuta. Zamu yake inakwisha baada ya siku kumi. Nimempigia, amekubali. Nnaweza kumpigia sasa hivi ukamsikia mwenyewe."

"Simu haitoshi, mwanangu. Lazima aje atie sahihi mbele yangu."

"Nnakuomba, khalti. Lipeleke hivyo hivyo, sahihi itafuata."

Jambo hilo liliwezekana. Mwaka mmoja kabla, faili la binti wa mtu mkubwa lilipita kwa mikono yangu likiwa na kijikaratasi kilichosema hivyo hivyo, sahihi itafuata, na hakuna aliyeuliza. Nilikikumbuka kile kijikaratasi. Nilikumbuka pia kwamba safari ile niliamriwa, na safari hii nitakuwa nimeamua mwenyewe, na kama kuna atakayegombezwa ni mimi. Nikamrudishia faili lake.

"Halijakamilika," nilimwambia. "Mwambie aombe ruhusa."

Mume aliomba ruhusa. Msimamizi wake akasema sawa, lakini asubiri mpaka afike wa kushika zamu yake. Alifika ofisini kwangu Jumatano ya wiki ya pili, siku moja baada ya kikao, moja kwa moja kutoka njiani, bado amevaa buti za kazi. Nikahesabu siku kwa kalamu, nikahesabu tena. Nililichukua faili nikapanda nalo ngazi mpaka kwa mwenyekiti bila kusubiri lifti.

Alilisoma lote. Kisha akasema, "Leo ndiyo siku ya mia na ishirini. Na mwenzetu mmoja yuko likizo. Siwezi kuamua peke yangu."

"Lakini mtoto hawezi kuishi, daktari."

"Najua," alisema. "Ungeniletea wiki iliyopita."

Niliteremka, nikawaambia yeye na mkewe. Mume akauliza kama kuna mahali pengine. Nikasema wenye uwezo husafiri. Akaziangalia buti zake.

Mkewe akaibeba mimba ile miezi mitano zaidi. Nilikuwa namwona siku za kliniki, na kila nilipomwona nilijitia kuwa na shughuli. Siku moja nilipita karibu na benchi alilokaa, na mama aliyekaa pembeni yake alikuwa akimuuliza kwa furaha kama ni wa kiume au wa kike. "Wa kike," alijibu, na yule mama akamwombea dua ndefu ya mtoto kukua na kuolewa. Yeye akaitikia amina mpaka dua ikamalizika.

Mtoto alizaliwa, akaishi dakika arubaini. Alipewa jina, akaoshwa, akasaliwa. Asubuhi iliyofuata baba alikuja kwetu, maana ofisi yetu ndiyo ilikuwa ikitoa karatasi za vizazi na vifo pia. Nikampa karatasi ya kuzaliwa, akatia sahihi. Nikampa ya kifo, akatia sahihi. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri. Akanishukuru, akaenda.

Siku ya tatu nilikwenda kwao Wadi Kabir. Walikuwa wakikaa ghorofani, juu ya duka la matairi, na kelele za mashine ya kufungulia nati zilisikika mpaka chumbani. Yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye godoro, amejifunga kanga kifuani kwa nguvu.

"Maziwa yamekuja," alisema. "Hakuna aliyeyaambia."

Nilikaa chini. Nikamwambia, "Ningeweza kulipeleka lile faili."

"Nnajua. Nilikuona siku ile ukifikiri."

Akaikaza ile kanga. Kisha akasema, "Wote wananambia afadhali, angalau nimemshika. Kweli nimemshika. Alikuwa na mikono ya baba yake. Sijui kama ni afadhali, khalti. Miezi yote ile, hakuna aliyeniuliza mimi."

Nikamwomba anisamehe.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu," alisema. "Lakini usije tena."

Sikwenda tena. Niliandika barua kwa mwenyekiti, nikaeleza habari yote, pamoja na ya kile kijikaratasi cha mwaka uliotangulia. Nilidhani nitafukuzwa. Aliniita, akavua miwani. Akasema, "Tulipaswa kuliona hili kabla yako." Ilichukua karibu mwaka, lakini kanuni ikabadilishwa: mume aliye mbali anaweza kukubali kwa simu, wafanyakazi wawili wakisikia, na siku zikikaribia kwisha kamati ikutane siku yoyote. Ile hesabu ya siku ilibaki, na sikuomba iondolewe. Mimi ni Muislamu, na sijui mpaka ungewekwa wapi. Ninachojua ni kwamba kwa miaka ile yote nilidhani masharti yanamlinda mtoto, na sharti lile nililolisimamia mimi halikumlinda yeyote.

Simu ya kwanza chini ya kanuni mpya nilipiga mimi. Mume alikuwa baharia, meli yao imetia nanga nchi ya mbali. Muuguzi alikaa pembeni yangu kama shahidi. Nilimsomea yule bwana maelezo yote, nikamuuliza kama amekubali. Akasema amekubali. Nikaandika saa. Nilikuwa karibu kumuaga aliposema, "Subiri kidogo, bibi," na akaanza kulia. Tukakaa mimi na muuguzi, simu katikati ya meza, tukimsikiliza.