Ngano ya Njiwa

Kiangazi kile baba alipopata shamba, mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi. Nilikuwa na shahada ya falsafa, simu ya vitufe iliyopasuka kioo, na tabia ya kuuliza maswali ambayo mama alisema itanizeesha mapema. Tuliishi Rissne, pembezoni mwa Stockholm, Uswidi, ghorofa ya sita. Baba alikuwa akisafisha ofisi katika mtaa wa Kista kabla wahandisi hawajaingia, mpaka kampuni yao ya usafi ilipopunguza watu. Kwao, kwenye milima ya mashariki ya Kongo, alikuwa mkulima wa ngano. Stockholm hakuna aliyewahi kumwuliza habari hiyo.

Kusema alipata shamba si kweli. Alipata kazi ya wiki tano kwenye shamba la mzee mmoja Mswidi, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Mimi nilifuatana naye kama mkalimani. Siku ya kwanza mzee alitusimamisha ukingoni mwa ngano iliyokuwa imeanza kugeuka njano, akaeleza polepole, kama watu wa huko wanavyoeleza mambo kwa wageni. Ngano hii haivunwi, alisema. Imepandwa kwa ajili ya njiwa. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa katikati ya Agosti, wageni wake watakuja na bunduki, na siku hiyo njiwa wawe wameshazoea kula hapa. Mambo yakienda vizuri, baba atabaki mwaka mzima kuangalia shamba, na kipande cha ardhi nyuma ya ghala kitakuwa chake, apande anachotaka.

Nilitafsiri yote. Baba alikwenda nyuma ya ghala, akachota udongo, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Kuhusu njiwa hakuuliza neno.

Niliuliza mimi, ndani ya basi, kila siku. Kwa nini mtu alishe ndege ili awaue? Kama ni nyama anataka, si kuna maduka? Na kama ni mchezo, mbona anauita utunzaji wa mazingira? Nilimkumbusha baba alivyotusimulia kwamba utoto wake wote aliumaliza akiamia ndege, akikaa shambani tangu alfajiri na kombeo la kuwafukuzia, na kwamba ndege wakila suke moja alichapwa. Sasa anawaandalia meza.

"Wewe unauliza kama mtu aliyeshiba," alinijibu siku moja, akageukia dirishani.

Kazi yenyewe aliijua kuliko mzee alivyotegemea. Aling'oa magugu ya mbaruti kwa mikono kabla hayajamwaga mbegu. Alijenga vibanda vitatu vya kuvizia kwa matawi na marobota ya nyasi, akavisogeza mara mbili baada ya kutazama upepo unatokea wapi. Wiki moja na nusu kabla ya msimu alianza kukata ngano kwa mistari, akitumia trekta la mzee. Mstari mmoja unalazwa chini, unaofuata unaachwa umesimama, ili njiwa watue pa wazi na bado wajione wamefichika. Kisha anapita na reki, anasogeza mabua pembeni, punje zinabaki juu ya udongo zikionekana. Mzee alilirudia jambo hilo mara kadhaa, nami nikalitafsiri mara zote. Punje zibaki chini. Zisiguswe.

Njiwa walikuja. Wale wakubwa wa msituni, wenye doa jeupe shingoni, kwanza kumi, halafu sikuweza tena kuwahesabu. Mzee alisimama na darubini yake na kwa mara ya kwanza akampiga baba begani. Jioni ile kwenye basi baba aliniambia nyuma ya ghala atapanda maharagwe, mchicha wa kwao wa lengalenga, na mistari miwili ya mahindi hata kama baridi itayaua. Kwa miaka mingi sikuwa nimemsikia akitaja mwaka ujao.

Kosa lilianzia kanisani. Jumapili, katika ukumbi tuliokuwa tukikodi, baba alisimama kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amemrudishia shamba la ngano. Watu wakapiga vigelegele. Habari ya njiwa hakuigusa, wala ya bunduki. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, mahali pangu pa kutoamini, nikajiuliza kama ushuhuda uliokatwa nusu ni uongo. Nililifurahia swali hilo. Nilidhani ni swali tu.

Jumamosi iliyofuata, siku tatu kabla ya msimu kufunguliwa, mzee alikuwa amesafiri. Mimi na baba tulikuwa tukipanga ghalani njiwa wa plastiki wa kuwavutia wale wa kweli tuliposikia wimbo barabarani. Mama alikuwa anakuja kutoka kituo cha basi na wanawake watano wa kanisa, wamejifunga vitenge juu ya makoti, kila mmoja na mfuko mkubwa wa buluu wa dukani. Walikuwa wamekuja kusaidia kuvuna.

Mbele alikuwa mama mmoja mzee wa Fisksätra, upande mwingine wa jiji, aliyeheshimiwa na wote kwa sababu alivuka msitu kwa miguu na wajukuu wawili wakati wa vita, na kwa sababu ulimi wake haukumwogopa mtu. Alifika ukingoni, akaitazama mistari iliyolala na punje zilizotapakaa, akatikisa kichwa.

"Papa, hii mashine yako ilikuwa na usingizi?" alimwambia baba. "Chakula yote iko chini. Kama ni mume wangu alikata hivi, angelala inje."

Wenzake wakacheka. Baba naye akacheka, kicheko kifupi. Kisha akanitazama.

Nilijua anachoniomba. Yeye asingeweza kulisema, baada ya ule ushuhuda, mbele ya mwanamke yule, kwamba ngano hii imelimwa, ikapaliliwa na kukatwa ili imwagwe kwa ndege watakaopigwa risasi Jumanne. Mimi ningeweza. Mimi ndiye mtoto asiye na adabu, anayeuliza pasipoulizwa, na hakuna ambaye angeshangaa. Sentensi moja ingetosha. Wangeguna, wangenuna, wangekula mandazi waliyobeba, kisha wangerudi kituoni.

Nilinyamaza. Nimejaribu mara nyingi kujipatia sababu nzuri. Nimewahi kujiambia kwamba niliwaheshimu wale wanawake, au kwamba punje zile kweli zilistahili kuokotwa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona atafanya nini. Nilikuwa nimemwuliza maswali wiki tano bila kujibiwa, na sasa jibu lilikuwa linakuja lenyewe.

Mama mzee alikuwa ameshainama. Hakungoja ruhusa, kwa kuwa hakujua kwamba chakula kilicho chini kinaombewa ruhusa. Alikuwa akikusanya masuke kwa mkono wa kulia, anayapukusa kwenye kiganja, anapuliza makapi, anamimina mfukoni. Wengine wakashika mstari wao mmoja mmoja. Njiwa waliruka wote pamoja wakatua kwenye miti. Mmoja wa wanawake akawapigia makofi na kelele wasirudi, jinsi mtu yeyote mwenye akili anavyofanya ndege wakiwa shambani, na wakaenda zao.

Baba alisimama akiwa ameshika njiwa wawili wa plastiki. Nilimwona akitazama nyuma ya ghala, halafu akiwatazama wale wanawake. Mama alimwita amshikie mfuko, kwa kuwa mdomo wa mfuko huo ulikuwa unajifunga kwa upepo. Akaweka njiwa chini, akaenda akaushika. Baada ya muda kidogo naye akainama. Waliokota hadi saa kumi. Sijawahi kuona shamba lililosafishwa namna ile.

Jumanne waliwasili wanaume sita waliovaa kijani, wakaingia kwenye vibanda vya baba. Njiwa walikuja asubuhi, wakazunguka juu ya mistari mara mbili, kisha wakavuka uzio hadi kwenye njegere za jirani. Risasi zilizopigwa hazikufika kumi. Baba alikuwa amesimama nami karibu na trekta, na kila mlio bega lake moja lilipanda.

Mzee hakugomba. Alipita kwenye mistari akiinamisha kichwa, akaokota suke, akalifikicha, likawa tupu. Akaniomba nimwulize baba kama alipitisha reki tena.

"Mwambie nilisafisha," baba alisema.

Nikatafsiri. Mzee akasema alikuwa ameagiza punje zibaki chini.

"Mwambie sikuelewa."

Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba si kweli, kwamba naweza kumweleza mzee mambo yalivyokuwa, habari ya kanisa, habari ya wale akina mama. Nilikuwa na maneno yote tayari, kwa Kiswidi kizuri cha chuo kikuu.

"Jumamosi ulikuwa na mdomo," alisema bila kunitazama. "Leo tafsiri."

Nikatafsiri. Baba yangu, aliyejua ngano kuliko wote waliokuwa pale, alisimama mbele ya wanaume sita wenye bunduki akiwa mtu asiyeelewa agizo jepesi. Mzee alitikisa kichwa kwa upole, akasema haidhuru. Alipotuaga alisema atapiga simu. Huko Uswidi ndivyo mlango unavyofungwa, bila kelele. Hadi Oktoba baba alikuwa akiiweka simu karibu na sahani yake wakati wa kula. Baadaye akapata tena zamu za usafi Kista, jengo lingine, ghorofa zilezile.

Kanisani ushuhuda wake haukusahihishwa na mtu. Mama mzee aliendelea kumsifu kwa ngano ya Papa, na wanawake wakagawana mifuko sawasawa. Sehemu yetu ilikaa kwenye ndoo jikoni. Mimi sikuthubutu kuigusa. Jioni moja ya Novemba, nje kukiwa giza tangu saa tisa, mama aliichemsha pamoja na maharagwe, kama walivyokuwa wakipika kwao, akatupakulia.

Baba alikula polepole. Mdogo wangu akauliza kwa Kiswidi hiki ni kitu gani, mama akamsogezea sahani. Nilikuwa nikingoja baba aseme jambo, hata la kunilaumu. Nilikuwa tayari kulaumiwa. Alichukua punje moja kutoka ukingoni mwa sahani, akaigawanya kwa meno ya mbele, akatazama ndani yake.

"Ilikuwa imeiva vizuri," alisema, akaomba aongezewe.