Ukali wa Spika za Baba

Baba alikuwa na utaratibu wake. Alifunga dirisha kwanza, kisha akasukuma komeo la mlango, halafu akaiendea redio na kuongeza sauti mpaka glasi ndani ya kabati zikaanza kugongana. Ndipo alipovua mkanda. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na zile glasi ndizo zilizoniambia kwamba sasa inaanza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu ambavyo tulizoea kuvisikia kwa majina tu vilishuka Arusha kwa malori, na baba, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni, alikuwa wa kwanza katika ua wetu wa Ngarenaro kununua redio kubwa ya Dubai, yenye spika mbili ndefu za mbao. Aliziweka juu ya kabati la vioo, moja kila upande, kama watu wanavyoweka picha za harusi. Sakafu yetu ilikuwa saruji tupu. Juu hakukuwa na dari, bati peke yake.

Sauti ya redio ile ilikuwa ya kikatili. Gitaa liliingia sikioni kama sindano ya kushonea magunia. Mwimbaji akitamka neno lenye "s", ilikuwa kama mtu anachana shuka. Kwaya ya Jumapili, ambayo kanisani ilinitoa machozi, kwetu iligeuka mayowe ya watu wanaoungua. Na kilio cha mama kilikuwa kwenye kimo kilekile cha juu. Kilipotoka kinywani mwake kilizama humo, kama mtu anayekimbilia kwenye umati na kupotea.

Vyumba vya ua ule viliuzunguka uwanja mdogo wenye bomba katikati. Ukuta wa kulia tulichangia na mama mmoja wa Kirangi, Mwislamu kutoka Kondoa, aliyekaanga vitumbua vya kuuza. Karibu na geti alikaa bibi wa Kiarusha aliyeuza maziwa. Ua mzima tulimwita koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Asubuhi mama alipotoka kuchota maji, jicho limevimba, mama wa vitumbua aliinama zaidi juu ya karai lake.

"Umeamkaje, shoga? Jana mlikuwa na muziki."

"Tulikuwa na muziki," mama alijibu, akajaza ndoo yake.

Mwaka ule redio ilipoingia, mama alipoteza mimba. Tumbo lilikuwa limeshaonekana, ameshaanza kufuma soksi. Baba alimpiga teke mama akiwa ameinama kuokota kijiko, na jioni yake nilideki sakafu kwa maji ya moto, maji yakaendelea kuwa mekundu hata nilipodhani nimemaliza. Sasa alikuwa na mimba nyingine. Alitaka huyu azaliwe. Sikumsikia akiomba kitu kingine chochote miezi ile, si kanisani wala kwetu.

Kilichotubadilishia mambo kilikuwa mzaha. Baba aliwaalika wenzake wa sokoni kuja kuisikia redio. Mmoja wao, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, alikunywa soda nusu chupa kisha akaziba masikio.

"Bwana wee, hii redio umenunua Dubai au umenunua kwa muuza pilipili?"

Walicheka wote. Mama naye, aliyekuwa akipita na sahani za pilau, alitabasamu kidogo. Wageni walipoondoka, tabasamu lile alililipia kwa jino.

"Unacheka na watu wangu?" baba alisema, akiwa bado anahema. "Basi nakwenda Namanga kuchukua mzigo. Nikirudi nikute hizi spika zinaimba kama za watu. Sijui utafanyaje. Wewe si mjuaji?"

Kesho yake mama alijifunga kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, akabeba spika moja begani, mimi nikabeba nyingine kichwani. Tulikwenda kwa fundi redio kule walikopanga mafundi wa kuchomelea vyuma. Kijana wa watu, mwenye maneno mengi, alianza kwa kutaka kutuuzia spika zake.

"Hizi tupa, mama. Nina nzuri hapa, ukizisikia utaokoka upya."

"Nimeshaokoka. Tengeneza hizi."

Alizifungua, akaziunganisha na redio yake, akakunja uso kama aliyetafuna ndimu. Kisha akaweka kidole kwenye kile kispika kidogo cha juu. "Mwenye fujo ni huyu. Twita. Sauti zote nyembamba anatoa yeye, na hapa hana wa kumzuia. Naweza kumtia adabu." Alitoa kwenye kopo risista moja, kidude kidogo kama punje ya mchele, akaonyesha jinsi atakavyokiunga kwenye waya wa twita ili umeme unaofika pale upungue. Akauliza spika zinakaa wapi. Mama alipomweleza kuhusu kabati la vioo, saruji na bati, kijana alicheka.

"Kumbe unaishi ndani ya sufuria! Zishushe chini, mama. Tandika nguo nzito, tundika blanketi ukutani. La sivyo sauti inagonga, inarudi, inagonga tena."

Mama aliuliza swali ambalo kijana hakulitarajia. "Ukishampunguza huyu mdogo, mtu akisema ndani ya nyumba, wa nje atamsikia?"

"Kwani wewe unataka muziki au unataka kuongea?"

"Nataka kuongea," mama alisema.

Kijana alimtazama pale kanga iliposhuka juu ya jicho. Hakutania tena. Alichomelea zile risista, moja kila spika.

Nyumbani mama alifanya kazi kama anayejenga boma. Alizishusha spika kutoka kwenye kabati, akazisimamisha juu ya matofali yaliyovikwa koti la mtumba. Nyuma yake alitundika blanketi. Alishona pazia zito la dirisha, akatandika mkeka na juu ya mkeka shuka nene. Kisha akafungulia redio, akaongeza sauti mpaka pale baba alipopenda, akaniambia niende nikasimame bombani.

Nilisimama pale, upepo wa mlimani ukinipiga miguuni. Besi, ile sauti nzito, niliisikia kwenye nyayo, gitaa likaja laini. Na juu ya vyote hivyo, sauti ya mama, si ya kupiga kelele sana: "Leta ndoo!"

Alitoka. "Umesikia nini?"

"Leta ndoo."

"Rudi pale."

Alifunga dirisha, akafunga mlango, akahamia chumba cha ndani. Nilisikia tena. Mara ya tatu alisema jina langu, nikajibu kabla hajatoka. Ndipo alipokaa kwenye kiti, mkono mmoja tumboni, akausikiliza wimbo mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo ambao tuliusikia kila siku, na sikuwa nimewahi kujua kwamba ndani yake kulikuwa na mtu anayepuliza filimbi.

Baba aliporudi alifurahi kama mtoto. Alicheza peke yake katikati ya chumba, mikono juu. "Sasa hii ndiyo redio! Mama watoto, umeniheshimisha." Alimpelekea soda kwa mkono wake. Siku kadhaa hakumgusa, nikaanza kufikiri kwamba labda ukali wa zile spika ndio uliokuwa ukimpanda kichwani.

Jumapili moja baada ya ibada alikosa shati alilolitaka. Lilikuwa kwenye kamba, bado bichi. Alifunga dirisha. Alisukuma komeo. Akaongeza sauti.

Zamani mama aling'ata kanga ili nisisikie. Siku ile alikunja mgongo kulikinga tumbo, mkanda ukamshukia begani, na alifungua kinywa akatoa maneno.

"Ananipiga! Nina mimba, ananipiga!"

Baba alishtuka. Alimpiga kwa upande wa chuma wa mkanda, nyama ya mkono ikafunguka. "Ananipiga! Anataka kuua mtoto!" Baba alirukia redio, akaongeza mpaka mwisho. Kilichoongezeka kilikuwa besi, vikombe vikaruka, lakini sauti ya mama ilibaki juu yake, nzima, kila neno na herufi zake. Nilimwona baba akiitazama spika kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Kisha akamrudia mama kwa ngumi.

Nje, karai la vitumbua lilianguka. Halafu nikasikia sauti moja ya kizee ikianza wimbo wa Kimaasai, mfupi, wa kurudiarudia, na sauti nyingine zikaitikia. Baba akabaki na ngumi hewani.

Mama ni Mchaga wa Machame, hakuujua wimbo ule. Baba alizaliwa Nduruma kwa Waarusha, na aliujua. Alipokuwa mdogo aliwaona wanawake wa kwao wakitoka na fimbo kwenda kwa mwanamume aliyempiga mkewe mpaka mimba ikatoka. Walimcharaza, wakabomoa paa lake, wakachinja dume lake bora, na hakuna mzee aliyethubutu kuwazuia, kwa sababu mwenye kuliharibu tumbo amewakosea wanawake wote.

"Nani kawaita?" aliuliza. Aliniuliza mimi, kwa sauti ndogo.

Komeo lilivunjika. Koko aliingia kwanza na fimbo ya kuchungia, nyuma yake mama wa vitumbua na upawa uliokuwa bado unadondosha mafuta ya moto, nyuma yao wanawake wa mtaani ambao wengine sikuwajua.

"Koko, shikamoo," baba alisema.

"Sina marahaba yako." Fimbo ikampata kwenye sikio.

Walimburuta mpaka uwanjani. Walimpiga bila haraka, wakiimba, fimbo zikishuka kwa mpigo wa wimbo, na nilimsikia akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kumdhania. Koko aliinua mkono, wakasimama.

"Ng'ombe wako yuko wapi?"

"Sina ng'ombe, koko. Niko mjini."

Mama wa vitumbua alifuta jasho. "Koko, ng'ombe wa huyu si ile pale ndani inayolia?"

Waliitoa nje na spika zake, waya ukivutwa kutoka ndani, bado inapiga. Koko alichukua panga, akaipasua spika ya kwanza kifuani. Wimbo ukageuka mkoromo. Akaipasua ya pili, akachomoa ile twita, akaitupa kwenye matope ya bombani. Baba aliyaficha macho.

Mama wa vitumbua alimshika mama aliyekuwa amesimama mlangoni, damu ikimtiririka mkononi. "Pole, shoga. Leo tumesikia."

"Hata zamani mlisikia," mama alisema.

Koko aliliweka panga chini.

"Tulisikia," alisema. "Tulikuwa tunaambiana ni muziki."

Mama alihamia chumba cha koko siku ileile, na mimi nikahamia naye. Baba alikuja na kaka zake kutoka Nduruma wakimvuta kondoo, kama mila ilivyotaka. Wanawake walimchinja kondoo yule, wakala, wakamnywesha mama mafuta yake. Kaka mkubwa akauliza kama sasa shemeji atarudi kwa mumewe.

"Mtoto azaliwe kwanza," mama alisema. "Halafu nitamtazama huyo bwana, nijue kama namfahamu."

Alizaliwa msichana, wakati wa baridi, mwenye nywele nyingi. Mama hakurudi. Baba alikuja kumwona mtoto siku za Jumamosi, amevaa shati lililopigwa pasi, na koko alikaa kwenye kigoda mlangoni. Alimwambia anyooshe mikono yote miwili kabla ya kumshika mtoto, avigeuze viganja juu, avigeuze chini. Baba alifanya hivyo mbele ya ua mzima, kila Jumamosi, mpaka koko alipovuta kigoda chake pembeni na kumpisha.